Kadi Isiyo na Jina

Ajiambo mjukuu wangu,

Huku Funyula tunaendelea. Mama yako amemaliza kupanda mihogo, mimi magoti ndiyo yamenikataa. Unauliza kama usomee ukutubi kama mimi.

Nilipokuwa mgeni kazini, kwenye maktaba fulani ya Busia, alikuja msichana wa upande wa Uganda aliyekuwa akisomea ukunga. Aliomba kitabu kimoja tu. Nikamwambia, "Dada, watu wa ng'ambo hatuwaazimi vitabu." Hivyo ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na mtihani nilipita vizuri. Basi akawa anavuka mpaka kila siku, anakaa anakinakili kwa mkono hadi tufunge. Alipofika katikati ya kitabu, hakurudi tena. Jina lake sikuwa nimemuuliza.

Miaka ilipita, mchwa wakaingia kwenye rafu. Kile kitabu kilibaki jalada na kadi ya kuazima, safi, haina jina hata moja. Na mimi nilikuwa nimesifiwa kwamba sijapoteza kitabu.

Sijui nikushauri nini, mjukuu wangu. Nikisikia mama amefariki akijifungua kule ng'ambo, huwa najiuliza ni ukurasa gani ambao yule msichana hakuufikia.

Ni mimi, nyanya yako.