Dhiki Ambayo Sina

Otara, 12 Februari 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Naanza na jambo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaishia hapo hapo kwa woga. Nimekwenda kwa daktari kuomba dawa za homoni, mwili wangu uwe wa kike zaidi. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata Baba ninayekaa naye nyumba moja.

Sasa shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na kwaya? Huku ng'ambo sisi wazima. Tangu nimalize shule nafunga mboga kiwandani. Baba anakusalimu.

Daktari ni mama wa kizungu, mpole, anaitwa Hewitt. Aliniuliza kama nina dhiki ya jinsia. Neno hilo sikulijua. Akaeleza kuwa ni mateso anayopata mtu kwa sababu mwili wake haulingani na anavyojijua mwenyewe. Mateso ya kweli, ya kumnyima mtu usingizi na kumfanya ashindwe kazi. "Wewe unateseka vipi, Folole?" Nikatazama viatu vyangu. Unajua nilivyo mbele ya watu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Siteseki." Akasema bila dhiki hiyo hawezi kuniandikia dawa. Niende nikafikirie, nirudi mwezi ujao.

Nimefikiria, sijaipata. Dawa nazitaka, basi. Nifanyeje? Tafadhali usimwambie mtu. Ndiyo maana nimeandika barua. Simu yako inasomwa na kijiji kizima.

Mwanao,
Folole

Savai'i, 1 Machi 2023

Folole binti yangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika, kwaya inalalamika zaidi. Barua yako ililetwa na mke wa Sefo wa posta, aliiinua juu kwenye jua aone kilichomo. Bahati bahasha ni nzito.

Mtoto, umesoma miaka yote hiyo halafu unashindwa kudanganya? Mama wa watu anataka mateso, mpe mateso. Mwambie tulikuwa tunakulaza na nguruwe. Lia kidogo. Mimi kwa kopo moja la nyama ningelia mpaka daktari anywe hizo dawa mwenyewe.

Sisi fa'afafine, tuliozaliwa wavulana tukakua kike, tumeishi hapa kisiwani tangu enzi za mababu bila neno la daktari. Wao wana mlango, na mlango una neno. Litamke, upite. Ukishapita, lisahau.

Siri yako iko kifuani mwangu, na kifua changu unakijua, nimekijaza soksi. Hakuna kitakachotoka.

Shangazi yako,
Alisi

Otara, 21 Machi 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nilikwenda jana. Uongo wako niliujifunza njia nzima kwenye basi, hata nguruwe niliwapa majina.

Daktari akashika kalamu. "Tuanze nyumbani. Kijijini walikuchukuliaje?" Nikafungua mdomo nianze na nguruwe. Badala yake nikakuona wewe, umeketi na wanawake wanaosuka mikeka, wavulana wakiwa nje kwenye tanuri la mawe, na mimi mdogo nimesimama katikati sijui pa kwenda. Ukapiga mkeka kwa kiganja. "Njoo hapa, vidole vyako vinaharibika bure huko." Hakuna aliyecheka.

Nikasema, "Nilipendwa."

"Na mwili wako?"

"Siuchukii. Ni kama gauni la kanisani nililorithi. Zuri, ila halikukatwa kwa kipimo changu. Nataka lishonwe upya linikae."

Akavua miwani. "Folole, nataka kukusaidia, na wewe nisaidie. Hujaumia hata siku moja?"

"Ningeweza kukudanganya," nikamwambia. "Nimekuja na uongo wa kulazwa na nguruwe, na majina yao ninayo. Lakini ili nipate dawa lazima niwasingizie watu wangu ubaya ambao hawakuufanya, nawe uuandike, ukae kwenye kompyuta yenu siku zote. Sitasema. Kama mlango wenu unawafungukia wanaolia tu, mimi nitakaa nje. Na kila mwezi nitakuja kukaa nje."

Shangazi, ni mimi niliyesema hayo. Na sauti haikuwa ndogo. Akasema atawauliza wenzake, nirudi mwezi wa tano.

Usinikasirikie.

Mwanao,
Folole

Otara, 30 Aprili 2023

Shangazi,

Shikamoo. Pasaka imepita na hujajibu. Ni magoti, au ni mimi? Kama nimekuudhi naomba radhi kwa kukuudhi, lakini nilichosema sikirudishi.

Mwanao,
Folole

Savai'i, 9 Mei 2023

Folole,

Marahaba. Hukuniudhi. Kila nilipoanza barua niliishia kuwashia moto.

Neno la daktari wako nililicheka kwa sababu nililitambua. Jina sikulijua, lakini lenyewe tumelala kitanda kimoja. Nilipokuwa na umri wako, mchungaji wa wakati ule alisema sitaimba tena na wanawake. Babu yako akaninyoa. Nikawekwa benchi la wanaume, niimbe besi. Ile sauti ikitoka kifuani, niliisikia kama ya mtu mwingine aliyejificha humo. Nikaanza kuoga na shati mwilini ili nisijione. Chakula kikanishinda. Wakaita uvivu, baadaye wakaita pepo. Kama mtu angeniambia, Alisi, hii ina jina na wako wengine wanayo, ningembusu miguu.

Kwa hiyo usilidharau neno lile, ni langu. Wala usilibebe, si lako. Ulipoanza kutembea, nikauona mwendo wako wa kike, niliapa halitakufikia. Siku ile nilipopiga mkeka, mchungaji yule yule alikuwa ameketi kwetu anakunywa kakao. Alinitazama, nikamtazama. Aliyeinamisha macho si mimi.

Huna dhiki kwa sababu niliikalia mlangoni isiingie. Nguruwe wangu nawafuta. Simama hapo hapo ulipo, usiwape hata chozi.

Habari ya shati baba yako haijui, alikuwa mdogo. Asiijue.

Shangazi yako,
Alisi

Otara, 28 Mei 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo.

Nilirudi kwa daktari wiki hii. Anasema kuna kitabu kipya cha madaktari, nacho kina neno jingine, kutowiana kwa jinsia. Maana yake mwili na unavyojijua havilingani, basi. Halidai mateso. Mateso yakiwepo yanatibiwa, yasipokuwepo hayatafutwi. Akasema, "Miaka yote nimewauliza watu swali lile. Nadhani wengi walinipa nguruwe."

Nikamwomba neno la kwanza asilitupe. Nilimwambia yupo mtu ninayemjua, lingemfaa sana kama lingefika mapema. Akauliza ni nani. Nikatazama viatu vyangu, safari hii kwa kusudi.

Dawa nimepewa. Jana nikamwambia Baba mezani. Alitafuna jimbi lake muda mrefu. "Shangazi yako anajua?"

"Anajua."

"Sasa mimi unaniomba ruhusa ya nini? Nipe chumvi."

Kwa hiyo siri yangu ya kwanza imekwisha. Itangaze kwaya nzima isikie, na mke wa Sefo apumzishe macho. Ya shati ninayo mimi, nayo haitoki.

Ila kuna moja ndogo. Siku niliyopewa dawa nilikaa kituoni na kifurushi magotini, nikalia mpaka basi likanipita. Haikuwa dhiki, naapa. Lakini wale madaktari nimewaambia mimi si wa kulia, na wao wana kalamu. Tafadhali, Shangazi, hili usimwambie mtu.

Mwanao,
Folole