Uso Aliouongeza Mjomba Gaudenzio

Cascina Vidola,
Roncasco, karibu na Vercelli,
Jumapili, 14 Juni 1908

Mpendwa Kaka Secondo,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikiomba barua hii ikukute mzima huko Rosario ng'ambo ya bahari, wewe na shemeji Ramona na watoto. Kifua chako kimepona? Usidharau kikohozi, maana huko hakuna Mama wa kukushika pua unywe mvinyo wa moto wenye asali. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Tavio mume wangu analalamika kiuno kama kila mwaka ukifika mwezi huu, na mimi mbu wamenitafuna mpaka ngozi si yangu tena. Mama ametimiza miaka themanini na mmoja. Anakula vizuri na kugomba vizuri, ila macho yameingia ukungu. Kitu kikimkaa mbali na pua kupita shubiri moja, kwake hakipo.

Mpunga umeshika vema. Wanawake wa kupalilia waliingia wiki tatu zilizopita na nyimbo zao zilezile, na vyura mwaka huu ni wanene. Jumapili iliyopita nilikaanga sinia zima, Tavio akala na ugali wa mahindi hadi akashindwa kuinuka.

Barua yangu ya Aprili kuhusu msiba wa Evasio najua ilikufika, kwa sababu Ramona alinijibu akasema wewe hukuweza kushika kalamu. Sikulaumu. Lakini safari hii utaishika, kaka. Kuna jambo la picha ya Evasio na uso wa marehemu dada yetu Delfina, na limenivuruga kichwa hata sijui nishike lipi niache lipi. Nimelitenda mimi mwenyewe. Nitakueleza toka mwanzo, kisha wewe uliye mkubwa wetu uniambie kama nimefanya vema au nimeharibu.

Ulipoondoka, mwaka ule tuliomzika Delfina, Evasio, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka kumi na minne na kazi yake ilikuwa kumkorogea Mjomba Gaudenzio chokaa makanisani. Mjomba alimfundisha kupaka malaika na watakatifu, na sharti lake unalikumbuka: rangi ilainishwe mpaka pasionekane mkono wa mtu, na pasiachwe tundu hata la sindano. Kisha akaenda Milano kusoma. Akawa anachora wake za madaktari na mawakili, nyuso ambazo ungeweza kuziamkia. Mama alijivuna kanisani mpaka padri akamkanya.

Halafu akapata huo wazimu wa kugawa rangi. Sijui nikueleze vipi, maana yeye alinieleza miaka kumi na mbili, na ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Hakuchanganya rangi tena. Aliweka uzi wa manjano, pembeni yake uzi wa buluu, pembeni yake uzi mwekundu, vyembamba kama vya kutarizia, akasema jicho la mtazamaji ndilo litakalochanganya. Wake za madaktari walipojiona wamekuwa nyuzi, hawakurudi. Kwenye maonyesho fulani gazeti liliandika kwamba huyu bwana anachora kwa kitana. Baadaye wakatokea wengine wa kumsifu, picha yake ya kondoo ikapelekwa mpaka Venezia, lakini hakuna aliyeniambia kama sasa tufurahi au tungoje kwanza.

Miaka sita ya mwisho alirudi nyumbani. Alijifungia katika ghala la nyasi akichora turubai moja tu, pana kama ukuta: wanawake tisa wanaopalilia mpunga. Kiangazi alitoka na ubao mdogo kutuchora kwanza shambani, nasi tulisimama majini tumeinama saa ileile kila siku. Wingu likipita, anaweka brashi chini anangoja, nasi tunangoja na ruba miguuni. Teresin, yule mwenye ulimi, alimwambia, "Evasio, ukija kunimaliza nitakuwa nimeota mizizi, uje univune Septemba."

Mimi nilikuwa nikipita ghalani naitazama. Kila mara aliniambia nirudi nyuma, nirudi nyuma tena, nitoke mpaka uani. Nami nilikuwa na ndoo ya maziwa mkononi, kaka, na ng'ombe wanne wananingoja. Sikurudi nyuma hata siku moja.

Sasa sikiliza kosa letu. Unajua kwetu mtu akifa na kazi mkononi, ndugu huimaliza kabla ya misa ya siku ya thelathini, ili asiendelee kuihangaikia huko aliko. Mama alimalizia kikapu cha Baba. Wewe mwenyewe, kesho yake ya mazishi ya Delfina, uliingia majini ukapalilia mstari alioanguka akiwa nao. Basi tulipofungua ghala baada ya kumzika Evasio tulikuta nini? Wanawake tisa wasio na macho wala midomo. Nyuzi tupu, na kati ya nyuzi kitambaa cheupe kinaonekana. Nani angesema kazi hiyo imekwisha?

Yule wa katikati, mwenye kilemba chekundu, ameinuka kunyoosha mgongo na mkono kiunoni. Huyo ni Delfina. Evasio alikuwa amemwambia Mama kwamba atamweka humo, na mkono ule hata mimi niliujua. Wote wasingewezekana kwa siku zilizobaki, nikasema angalau yeye apate uso. Nikaenda kwa Mjomba.

Mjomba ana miaka sabini na minane, lakini mkono wake bado hautetemeki. Alipanda kwenye kigoda siku sita, hakutaka hata bilauri ya mvinyo. Aliniuliza macho ya Delfina yalikuwa rangi gani. Nikasema hudhurungi. Mama akasema kijivu. Tulibishana mpaka nikagundua kwamba sikumbuki, nilisema tu. Mjomba akapaka kati na kati. Alitoa uso laini, mzuri, wenye tabasamu kama la Mtakatifu Agata wa kanisani kwetu, na siku mbili kabla ya misa akashuka akasema mpwa wake apumzike sasa.

Tukamleta Mama, tukampandisha kwenye kigoda. Akasogeza pua mpaka ikagusa turubai. Alikaa hapo muda mrefu, kisha akasema, "Huyu binti hakuwahi kunipa shikamoo, mimi ndiye nilikuwa namwamkia kwanza." Akambusu. Unajua hatuna hata picha moja ya Delfina. Tangu siku ile kila asubuhi, akishakunywa kahawa, Mama alichukua fimbo yake akaenda ghalani kumwamkia bintiye. Nilifurahi, kaka. Nilijiona nimefanya jambo la maana kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Tarehe ishirini na nane Mei akaja Bwana Arrigo Sanvito kutoka Milano, mchoraji, rafiki wa Evasio wa miaka yote. Nikamfungulia milango miwili ya ghala nikamkaribisha ndani. Hakuingia. Alivua kofia akatembea kinyumenyume kuvuka ua mpaka kisimani, akasimama. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyemgusa yule wa katikati. Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni Mjomba wetu, kwa hisani yangu. Akanishika kiwiko akanigeuza.

Secondo, niliona maji. Yalikuwa yanapumua kwa joto, kama yanavyofanya saa sita. Nilimwona Teresin anataka kusema neno. Nilijiona mimi mwenyewe na mgongo wangu mbovu, nimechoka, na uso wangu ulikuwa uso wangu, ingawa nilijua fika kwamba pale hapakupakwa pua wala jicho. Wanane walikuwa hai. Na katikati yao palining'inia kitu kama sahani iliyotundikwa ukutani, inatabasamu.

Bwana Sanvito hakunifokea, na afadhali angefoka. Alisema picha ilikuwa imekwisha tangu miaka miwili iliyopita, Evasio mwenyewe alimwandikia hivyo, ila sisi hakutuambia. Rangi ya Evasio imekauka, haitadhurika. Ya Mjomba bado ni laini na inaweza kufutwa kwa tapentaini, lakini ikipita katikati ya Juni itashika na haitatoka milele. Nikamuuliza chini yake kuna nini. Akasema kuna nyuzi kama zile nyingine, na kuna Delfina.

Akaondoka, akaniachia hilo. Kukuandikia na kungoja jibu ni miezi miwili, nami nilikuwa na wiki mbili. Ukiuacha uso, kazi ya maisha ya Evasio imeharibika, na mharibifu ni mimi. Ukiufuta, Mama ambaye hawezi kuona mbali hatabakiwa na kitu cha kuamkia. Tavio alisema wafu hawana haraka, aridhishwe aliye hai. Usiku nilikubaliana naye, asubuhi nikisimama kisimani nakubaliana na Evasio. Nilisahau chumvi katika wali na maharage siku tatu mfululizo.

Nilianza kwa Mjomba. Niliogopa, maana ni yeye aliyekuwa akimwambia Evasio kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimpeleka kisimani bila kumweleza neno. Alitazama mpaka nikadhani amelala wima. "Nilimfundisha asiache hata tundu," akasema. "Namshukuru Mungu hakunisikia." Akaketi kwenye ukingo wa kisima, akaomba maji.

Juzi Ijumaa nikamwambia Mama. Nilimweleza yote, vibaya, nikirudia rudia, huku nikimenya vitunguu ili nipate kisingizio cha machozi. Aliniacha nimalize.

"Evasio alimwona kutoka wapi?" akauliza.

"Kutoka mbali, Mama."

"Mimi huko siwezi kufika."

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza."

Kisha akasema, "Aliyechora ni mwanangu na aliyechorwa ni mwanangu. Gaudenzio ni mdogo wangu tu. Futeni."

Mjomba alikataa mtu mwingine asiguse. Alipanda tena kwenye kigoda chake na kitambaa cheupe na chupa ya tapentaini, akaanza na kidevu, polepole, macho akayaacha mwisho. Mama alikaa kwenye kiti pembeni, mikono juu ya fimbo, akisikiliza. Mjomba aliposhuka, Mama alinyoosha mkono akasema apewe kitambaa. Mjomba akaniangalia mimi, akampa.

Leo baada ya misa nilisimama kisimani. Yupo, Secondo. Amechoka, jua linampiga, na anakaribia kucheka kama alipokuwa anataka kukutania wewe. Nilikimbia ghalani nimshike, nikakuta nyuzi. Nikarudi kisimani, yupo. Nilikwenda na kurudi mara tatu, hadi Tavio akaniuliza nimepoteza nini. Bwana Sanvito ameandika kwamba wataichukua picha kwa maonyesho ya Milano vuli hii na itapendeza mno. Sielewi kwa nini sifurahi. Mama hajakanyaga ghalani tangu Ijumaa.

Niandikie, kaka. Niambie kama nimemrudishia Evasio dada yake au nimemnyang'anya Mama binti yake, maana mimi naona yote mawili. Na uniambie macho ya Delfina yalikuwa rangi gani. Wewe ndiye uliyeyafumba.

Msalimie shemeji Ramona, na Luisito, na yule mdogo ambaye bado hatujajua jina lake. Tavio anakusalimu, Teresin pia, anauliza kama huko wanaume wamekwisha ndiyo maana hurudi. Mjomba Gaudenzio anakuombea. Amegawa brashi zake zote, anasema inatosha.

Mama anakubariki wewe na nyumba yako, Mungu akukinge na homa na bahari. Wakati naandika mstari huu ameketi karibu yangu, amekitandaza magotini kile kitambaa cha tapentaini. Sasa hivi ameniuliza upande gani ndio uso. Nimemwonyesha mahali nikamwambia ni hapa. Nimeonyesha popote tu, kaka, yote ni doa moja. Amepainamia anapabusu.

Nakukumbatia toka mbali, mimi dada yako nikupendaye,

Ortensia