Kitambaa cha Njano Kilichobaki Mkononi

Dada Otilia,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nimeandika hivyo, nikafuta. Si mzima sana, na kwako sina hofu tena, hofu yote imebaki huku kwetu. Basi nianze na kompyuta yako, maana najua ndiyo ungeiulizia kwanza, kabla hata ya kuuliza nani alilia zaidi msibani.

Iliungua. Usinikasirikie. Tuliitoa dukani kwako tukaileta hapa nyumbani kwako Mfaranyaki isije ikaibiwa, na siku ya pili ya msiba wanakwaya wenzetu wakaja na spika zao. Wakachomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja: spika, jagi la kuchemshia maji, chaji za simu za nusu ya ukoo, na kompyuta juu yake ili wapige nyimbo. Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, tukasikia pa! Wanawake waliokaa kwenye mikeka walidhani ni paa. Mimi nilijua ni pawasaplai, kile kiboksi cha nyuma kinachogawa umeme, kwa sababu uliwahi kunilazimisha ninuse iliyoungua, ukasema fundi asiyejua ile harufu ni mpiga ramli tu.

Ningeiacha hivyo hivyo, Dada. Sikuwa na moyo wa kushika chochote chako. Lakini Mama.

Mama alikuja kutoka Lusewa na hakufungua mdomo mpaka tulipotoka makaburini. Tangu hapo akawa anasema jambo moja tu: "Nataka kumsikia Otilia kabla sijarudi." Unajua macho yake yalivyo siku hizi. Picha yako tuliyoiweka mezani haimsaidii, anapapasa kioo chake kisha anairudisha. Simu yako ilipotea katika hekaheka za hospitali, na yangu haina hata neno lako moja. Sauti yako ilikuwa imebaki mahali pamoja, kwenye diski ya hiyo kompyuta, katika zile rekodi ulizotuimbia sauti ya pili ili tukajifunzie nyumbani. Na diski yenyewe ilishaanza kukwaruza tangu kabla hujaugua. Ulikuwa ukisema diski inayokwaruza hivyo usiichomoe ukaanza kuizungusha kwa mafundi, iache ilipozoea, na kila ukiiwasha ujue inakuvumilia tu.

Kumaliza matanga kulipangwa Jumamosi. Jumapili baada ya misa Mama angepanda gari la kurudi. Ijumaa nikachukua bisibisi.

Pawasaplai nyingine niliitoa kwenye ile mashine mbovu iliyokuwa chini ya meza dukani, uliyokuwa ukiiita marehemu. Nilijifungia chumbani kwako. Baridi ya Songea ya miezi hii unaijua, vidole vilikuwa vizito. Nikafanya ulivyonifundisha: nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe ili umeme uliobaki utoke, nikashika nondo za dirisha umeme wa mwilini uniishe kabla ya kugusa ndani. Nikafungua ubavu wa boksi, na pale nikakukuta.

Nasema vitambaa vyako. Kila waya uliufunga kipande ulichookota kwa fundi cherehani jirani yako, chekundu, bluu, kijani, njano, kila rangi na mahali pake. "Mimi sina kichwa cha kukumbuka waya," ulikuwa ukisema, "nina vitambaa." Yule mteja wa Tunduru aliuliza kama ni hirizi, ukamjibu bila kucheka kwamba ndiyo, inazuia virusi. Nilicheka peke yangu pale sakafuni, halafu kicheko kikageuka.

Mafundo yalikuwa ya kwako kabisa, yamekazwa kwa meno. Sikuweza kuyafungua. Mikono yako ilikuwa bado imo mle. Nikachomoa pawasaplai iliyoungua na vitambaa vyake vyote, nikaiviringisha kwenye khanga yako, nikailaza kitandani. Ile nyingine nikaifunga hivyo hivyo, waya zake zikiwa tupu bila vitambaa, nikichomeka kwa kubahatisha na machozi yananichuruzika puani.

Nikawasha. Feni zikazunguka, taa ndogo ikawaka, skrini ikabaki nyeusi.

Nikakagua waya wa skrini. Nikachomoa RAM, ile ya kumbukumbu ya mashine, nikayasugua meno yake kwa raba ya shule kama tulivyozoea, nikaihamishia tundu la pili. Nikatoa ile betri ndogo ya saa, nikairudisha. Kila nikiwasha feni zinazunguka, skrini nyeusi, na diski inakwaruza mle ndani, nami nazima haraka kama niliyeshika chungu cha moto. Niliogopa kwamba ninaimaliza sauti yako kwa mikono yangu mwenyewe.

Baba Mdogo Kasian akachungulia mlangoni. "Skola mwanangu, na mashine nayo imemfuata mwenyewe. Iache ipumzike." Alisema kwa huruma, unamjua alivyo. Mimi nikamwambia anipishe, ananizibia mwanga. Baba Mdogo! Mama alikuwa ukumbini, alisikia, na hakunikemea. Kule kutokemewa kuliniuma hadi kesho yake.

Halafu nikakukasirikia wewe. Niseme tu ukweli. Nilikaa sakafuni nikakusema vibaya, kwamba umekufa ukaniachia duka, ukaniachia Mama, ukaniachia na skrini nyeusi, na mimi nilikuwa bado najifunza. Ulikuwa na haraka gani?

Jumamosi asubuhi, wenzangu wakiwa uani wanachagua mchele, nikarudi chumbani nikiwa nimekata tamaa. Nilitaka kufunga boksi tu. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia huku unatafuna mahindi ya kuchoma, bila hata kuinua macho: "Usiende mbali. Anzia ulipogusa mwisho." Uliyasema maneno hayo kwa kila mashine iliyogoma, mpaka nikawa siyasikii tena. Nilichogusa mwisho kilikuwa kitandani, ndani ya khanga.

Nikaifungua khanga. Fundo la kwanza nililifungua kwa meno, kwa kuwa ndivyo ulivyolifunga, na kitambaa kilikuwa na ladha ya vumbi la dukani. Sikutaka, Dada. Nilijua nikishafungua sitaweza kulirudisha kama lilivyokuwa. Nikafungua yote. Nikaanza kuvihamishia vitambaa kwenye zile waya tupu, kimoja baada ya kingine. Chekundu kwenye waya mnene wa ubao mkuu. Bluu kwenye wa diski. Kijani kwenye wa kisoma sidii. Nikabaki na cha njano mkononi, na sikuona waya wa kuufunga.

Nilikishika kile kitambaa nikitazama ndani ya boksi, na sikuelewa. Nikaigeuza ile iliyoungua, nikafuata mahali nilipokitoa. Kilikuwa kwenye waya mdogo kuliko zote, ule unaopeleka umeme kwenye prosesa. Kwenye hii niliyofunga, waya huo ulikuwa umejikunja nyuma ya feni, haujachomekwa popote. Kumbe ubongo wa mashine haukupata umeme hata kidogo, na vingine vyote vikizunguka bure. Nilifikiria nyumba yako wiki ile nzima, watu wanapika, wanafagia, wanaingia na kutoka, na wewe hupo.

Nikauchomeka. Nikaufunga cha njano kwa fundo langu, ambalo si zuri. Nikawasha, na skrini ikaleta jina lako.

Sikumwita mtu. Kwanza nikanakili rekodi zote kwenye flashi, ulivyonizoesha, diski ikikwaruza na mimi nikisali. Zilipoisha ilikuwa alasiri, ndipo nikaenda kumshika Mama mkono.

Watu walikuwa wameshakunywa togwa na kuanza kuagana. Nikamkalisha kwenye kiti chako, karibu na spika. Akajifunga khanga vizuri, kama mtu anayesubiri mgeni. Nikapiga ya kwanza. Kikasikika kiti kinalia, ukakohoa kidogo, kisha ukasema kwa ile sauti yako ya kutuamrisha: "Tumsifu Yesu Kristo."

Mama akaitika pale pale. "Milele amina, mwanangu. Umekula?"

Na wewe ukaendelea na yako. "Sauti ya pili, msikimbie. Skola, nakusema wewe." Ukaanza kuimba.

Mama akainamisha sikio. Akasubiri. Mimi nilijua anachosubiri. Ulipofika ubeti wa pili akanigusa goti. "Hajanisikia," alisema. "Rudisha, nitaitika kwa sauti."

Nikarudisha. Akaitika kwa sauti iliyowafanya walioko nje wanyamaze, akauliza tena kama umekula. Ukamwambia asikimbie.

Akaniomba nirudishe mara nyingine. Safari hiyo aliitika taratibu, "Milele amina," akaishia hapo. Hakuuliza kitu. Akasikiliza wimbo wote mpaka mwisho, akaniambia nimtoe nje, anasikia baridi. Jumapili aliondoka, na hakulia kituoni. Mimi ndiye niliyelia.

Dada, duka bado limefungwa. Funguo ninazo, nikifika mlangoni narudi. Kwaya nimeenda mara moja, nikakimbia wimbo kama kawaida yangu, na hakuna aliyenisema. Baba Mdogo nimemwomba radhi, akanitania kwamba sasa nina mdomo wako.

Nakuaga sasa, maana huku kunakucha na watu wanataka chai. Pumzika. Ahadi yangu ni hii: nimenunua kale karedio kanakosoma flashi, na nitakapeleka Lusewa mimi mwenyewe. Lakini kwanza nimeikata rekodi yako. Usinune, sikupunguza hata kikohozi. Nimeongeza tu kimya baada ya salamu, kirefu cha kumtosha Mama kuitika na kukuuliza kama umekula.

Mdogo wako,
Skola