Pale Oili Isipofika

Chuoni, Mbeya

Kaka Mathew mpendwa,

Shikamoo. Huku baridi imeanza. Mama amekutumia mchele wa Rujewa kwa basi linalokuja huko Iringa.

Juzi baba alinitembelea maabarani. Nilitia rangi inayong'aa kwenye oili ya mashine yetu ya kukoboa mpunga, nikazungusha beringi ya gololi chini ya taa maalumu. Kote kuling'aa, ila vyuma vinapokandamizana pakawa peusi. Oili ilikuwemo, lakini ni nyepesi mno, inakimbia hapo na vyuma vinasuguana vikavu.

Baba aliinama kupatazama pale peusi. Tangu ile beringi ya mashine yetu ilipoungua, amekuwa akisema hukuweka oili.

"Minza," akaniambia, "oili ile niliinunua mimi. Nilimfukuza mwanangu bure."

Akalia, kaka. Anaona aibu kukupigia. Tafadhali, mpigie wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Minza