Mbuzi wa Papa Philippe

Kibabi, Masisi
Jumanne, mvua imekatika sasa hivi

Mwanangu Gentil,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Nakusalimu wewe, namsalimu mke wako Consolée, nawasalimu wajukuu wangu mmoja mmoja, na yule mdogo mbusu utosini kwa niaba yangu kabla hujaendelea kusoma. Mnaendeleaje na baridi? Kikohozi cha Umugwaneza kimepona? Mara ya mwisho nilimsikia akikohoa kwenye simu, nikamuuliza kama anakunywa maziwa, akanijibu kwa hiyo lugha yenu ya shule. Sikuelewa hata neno moja, lakini sauti ilikuwa ya mtoto mwenye afya na kiburi kidogo, nikashukuru.

Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika mvua ikikaribia, na kwa kuwa huku kwetu mvua inakaribia kila siku, basi linalalamika kila siku. Baba yako mdogo Semana ni mzima pia, na bado anagombana na majirani juu ya mipaka ya malisho, kwa hiyo ujue afya anayo. Tangu tuliporudi kutoka kambini Goma, nyumba imepata bati mpya upande wa jikoni, na ng'ombe wachache waliobaki wamezoea tena kilima chao. Bihogo amezaa. Ni dume, lakini hatukatai neema.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Kwanza, rezo ya simu huku ni ya kupandia kilima kuitafuta, na habari za goti nimekwisha kukupa. Pili, na hii ndiyo sababu ya kweli, kwenye simu wewe unaongea mbio kama marehemu baba yako, na mimi najikuta nasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, hata kwa mambo ambayo moyo wangu haujayakubali. Karatasi hainikatizi. Jacques, dereva wa Fuso, ataifikisha Goma, na huko binti wa pasta ataipiga picha akutumie. Isome ukiwa umekaa, na usinipigie kabla hujafika mwisho.

Ujumbe wako niliusikiliza mara nyingi. Ulisema kwamba hatimaye mmepata karatasi ya kukaa moja kwa moja, ninyi nyote na watoto, na kwamba sasa huko ndiko kwenu. Nililia, sikufichi, na hata leo sijui kama ilikuwa furaha tupu. Kisha ukasema sheria za wageni zimebadilika tena. Zamani mtu aliweza kumwita mzazi wake bila haraka, lakini sasa mlango utafungwa mwisho wa mwaka, na wazazi watakaopokelewa ni wale walio peke yao tu, wasio na mume wala mke, wasio na mtu wa kuwatunza. Tena nikishaingia, sharti nikae. Nikitoka nikakawia, karatasi yangu imekufa. Ukaniomba niende kwa shefu nipate karatasi ya ujane. Ulisema hayo kwa furaha kubwa, mwanangu. Ulinieleza hata chumba mlichonitayarishia, kwamba dirisha lake linaangalia mti.

Nilikwenda. Nilivaa kitenge cha Krismasi, nikapanda pikipiki mpaka ofisini, nikakaa kwenye benchi pamoja na watu wenye kesi za mashamba. Karani ni kijana mwenye heshima. Aliniuliza jina, nikamwambia Mukabaranga. Akauliza mume, nikamwambia Bisengimana, marehemu. Mpaka hapo tulikwenda vizuri. Kisha akainua macho akaniuliza, “Sasa Mama, uko peke yako, ao kuko muntu?” Ni swali dogo, hata mtoto angelijibu. Mimi nikamwambia goti linaniuma, nitarudi siku nyingine. Aliniangalia nilivyokuwa natoka mbio, na nadhani aliona kwamba goti halikuwa na neno.

Subiri, nakuja huko. Niache nipite njia yangu, maana ile ya mkato ina utelezi.

Unamkumbuka Papa Philippe, yule Munande wa Butembo mwenye duka la chumvi na sabuni pale Ngungu? Ulipokuwa mdogo alikuwa anakupa peremende, na wewe ukawa unajifanya mgonjwa ili upewe ya pili. Mke wake Kavuo alifariki zamani, na watoto wake wote wana nyumba zao kule Butembo na Beni. Ndiye mwenye ile Fuso inayobeba maziwa yetu, na fromaji tunayotengeneza kwa maziwa hayo, kwenda Goma. Vita ilipotufukuza, ni Fuso hiyo iliyonibeba, pamoja na Bihogo akiwa bado ndama, amelazwa juu ya magunia ya viazi. Watu walipiga kelele kwamba nafasi ni ya binadamu. Papa Philippe hakubishana nao. Alishuka yeye kwenye kiti chake, akampandisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akafuata nyuma kwa miguu mpaka alipopata pikipiki.

Tangu turudi, kila Jumapili baada ya misa yao Wakatoliki anapita hapa kutusalimia kabla ya kwenda Ngungu. Nami, kama unavyojua ulivyolelewa, mgeni akiingia simuulizi kama ana kiu. Namimina maziwa, nampa, anakunywa. Tunaongea habari za barabara, habari za watoto walio mbali. Yeye anasikiliza, jambo ambalo kwa wanaume nimeliona mara chache, na baba yako anisamehe. Akimaliza kikombe anashukuru, halafu anaondoka mapema kidogo. Nilidhani ana haraka ya duka.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Siku moja Jacques akaja peke yake kuchukua fromaji. Aliniomba radhi kwanza, akasema kuna neno limemkaa kooni. “Mama Gentil, maziwa inasumbuaka patron mu tumbo. Kila Jumapili tukitoka hapa, tunasimamisha gari mu njia. Nilimwambia akatae. Akasema kwa nyumba ya Mama Gentil, maziwa hawakatalake.” Gentil, nilikaa chini. Mtu anakunywa maumivu mwaka mzima kwa ajili ya adabu ya nyumba yangu, na hajawahi hata kukunja uso. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipotoka hayakukauka haraka.

Jumapili iliyofuata nilimpa mashanza badala ya maziwa ya kukamua. Maziwa yakishaganda hayagombani sana na tumbo, bibi yako alinifundisha hivyo. Sikumwambia kwa nini nimebadilisha. Alikunywa, akaniangalia. Siku hiyo alikaa mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni, na Jacques akapiga honi mara nyingi bure.

Sasa shika kiti vizuri. Jumamosi iliyopita asubuhi, Fuso ilisimama mbele ya nyumba, na badala ya magunia ikashusha mbuzi. Mbuzi wengi, mwanangu, wanene, wakipiga kelele kama wanafunzi wametoka darasani. Nyuma yao akashuka Papa Philippe amevaa suti, pamoja na kaka yake aliyetoka Butembo. Majirani wote walitoka. Mbuzi wakaenda moja kwa moja kwenye maharage ya Semana, na Semana akatoka na fimbo akiuliza, “Huyu muntu anatuona sisi ni bantu gani?” Unajua mwenyewe. Kwetu mtu akikuletea mbuzi mbele ya zizi la ng'ombe, ama amepotea njia, ama amekuja kukutukana.

Papa Philippe akavua kofia. Jasho lilikuwa linamtiririka, na baridi ya asubuhi yetu unaijua. Akaeleza kwamba kwao Butembo binti wa watu anaombwa kwa mbuzi, na wakiwa wengi ndiyo heshima inazidi. “Musinikasirikie. Mimi sikukuwaka najua. Nilileta yenye kwetu njo heshima.” Semana akauliza binti gani, kwa sababu katika nyumba hii hakuna binti. Ikabidi niseme mimi, katikati ya uwanja, mikono ikiwa na povu la sabuni, kwamba binti ni mimi.

Ndiyo, Gentil. Papa Philippe ameniomba, na mimi nimekubali. Tulikuwa tumeongea tangu Pasaka. Tulipatana kwamba atakuja kujitambulisha kwa Semana, ila habari ya mbuzi aliniwekea siri, maskini, alitaka kunifurahisha. Wewe nilitaka kukuambia kila ulipopiga simu, na kila mara ulianza na habari ya kile chumba na dirisha lake, nikashindwa kukuvunja moyo. Leo nakuvunja, na naumia nikiandika.

Kwa hiyo siwezi kumwambia karani kwamba niko peke yangu. Ningeweza kudanganya. Wengi wanadanganya, na sithubutu kuwahukumu. Lakini ningekuja kukaa kwenye dirisha lenu nikiwa mjane wa karatasi, nikingoja mtoke kazini, na huku mtu anakunywa mashanza peke yake. Usiseme mama amechagua mwanaume akaacha wajukuu. Ukisema hivyo utanikosea, ingawa nitakuelewa. Wajukuu wangu nawatamani mpaka mikono inaniuma. Baba yako nilimzika vizuri na kumlilia vya kutosha, Semana mwenyewe ni shahidi. Ila nimegundua kwamba bado napenda mtu aniulize nimelalaje, na aningoje nijibu.

Semana alinuna siku nzima. Kesho yake, baada ya misa, Papa Philippe alirudi, bila suti safari hii, akasema ameelewa, amepata ng'ombe, aambiwe tu ampeleke kwa nani. Hapo ndipo kesi ilipoanza. Baba yangu hayupo tena. Kaka zangu, vita imewamaliza wengine na kuwatawanya wengine, sijui hata makaburi yao. Nyumba ya baba yako ndiyo iliyonitolea ng'ombe zamani, haiwezi kugeuka sasa ikanipokelea. Wazee walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Semana, yule yule wa fimbo, akasimama akasema, “Mukabaranga hana baba tena. Mutoto wake wa kwanza njo baba yake. Gentil njo atapokea.” Jambo la namna hiyo halijawahi kuonekana Kibabi, lakini wazee walikubali.

Basi, mwanangu, ng'ombe wa mama yako ni wako. Ni jike la rangi ya Bihogo, lina mimba, na kwa sasa linalala kwenye zizi la Semana. Papa Philippe amesema hatanichukua mpaka neno lako lifike. Ukikataa nitaheshimu, nitabaki nilivyo, lakini karatasi ya ujane sitaichukua hata hivyo, kwa kuwa swali la yule karani jibu lake ninalijua sasa. Ukikubali, tuma sauti yako, Semana atapanda na simu kilimani aipokee, na wazee waisikilize. Sema polepole, usiende mbio.

Na desturi unaijua. Mwenye kupokea ng'ombe wa mahari kazi yake haiishii hapo. Ng'ombe yule akizaa, ndama mmoja anarudishwa kwa waliooana, na anarudishwa na mpokeaji mwenyewe, si kwa simu, si kwa kumtuma mtu. Mimi nikichukua karatasi ya huko nitakuwa nimefungwa. Wewe yako inakuruhusu kutoka na kurudi, ulinieleza mwenyewe kwa furaha. Basi uje. Uje na Consolée na watoto, Umugwaneza amshike ndama kamba, nimfundishe lugha yake. Sheria za huko zitabadilika tena, sina shaka. Hii ya ndama haijabadilika tangu babu zetu.

Pasta anakusalimu. Amesema mimi nitabaki kwenye kwaya yangu, Papa Philippe kwenye misa yake, na jioni tutasali pamoja mezani. Semana anakusalimu. Mbuzi bado wako hapa: Papa Philippe anaona aibu kuwarudisha, na Semana anaona aibu kusema amewapenda. Msalimie Consolée, mwambie asikasirike kuhusu mapazia ya chumba, awashonee watoto nguo. Jacques ananguruma na Fuso yake nje, inabidi nifunge.

Mungu awalinde kwenye baridi yenu. Nangoja neno lako.

Mimi mama yako, na kwa siku hizi chache, binti yako,

Mukabaranga