Majina Chini ya Picha za Baba

Jumatatu, 7 Julai
Picha sita leo. Mama kwenye kiti chake ukumbini, mimi kompyuta mapajani. Huyu nani, Mama? Anataja, nami naandika palepale kwenye tovuti tuliyoitengenezea picha za Baba, chini ya kila picha. Studio ya Baba hapa Msambweni ilifungwa zamani, lakini nusu ya mji ilisimama mbele ya lile pazia lake lililochorwa ndege. Harufu ya dawa za kusafishia picha. Nimeikumbuka mno leo.

Bakari, ndugu yangu mdogo, yuko kazini Lunga Lunga. Yeye anashughulikia sura ya tovuti, mimi maneno. Nenosiri tunalo sote.

Alhamisi, 10 Julai
Mama anachoka upesi. Jana alimwita shangazi kwa jina la bibi. Afadhali tulianza mapema. Tumefika picha za harusi.

Jumamosi, 12 Julai
Majina yamepotea. Yote, ya wiki tatu.

Nimefungua tovuti asubuhi. Picha kubwa, safi, hazina hata neno chini. Nikampigia Bakari. Kumbe mwezi uliopita alichukua folda nzima akaiweka kwenye kompyuta yake, akawa anarekebisha picha polepole. Jana akaipakia yote juu ya ile iliyokuwapo. Faili zake za zamani zimefuta zangu mpya.

"Dada, mbona hukuniambia kwamba unaandika mlemle ndani?"

"Na wewe mbona hukuuliza kabla ya kupakia?"

Nikakata simu. Sikuwa na nakala. Hilo sikumwambia.

Jumapili, 13 Julai
Nimemchukia siku nzima.

Jumatatu, 14 Julai
Nimeanza upya na Mama. Mwanamke aliyevaa saa kubwa ya mkononi. Wiki mbili zilizopita Mama alimtaja bila kusita, nami nikaandika, nikasahau. Leo amemtazama sana, akasema, "Amependeza." Basi. Picha ya pili, kimya. Ya tatu, akataka chai.

Nimeenda jikoni, nimelia. Ninaogopa.

Jumatano, 16 Julai
Nimempigia Bakari. Nimemwambia kweli: hata mimi sikuweka nakala. Akasema, "Nitakuja Ijumaa."

Ijumaa, 18 Julai
Amefika baada ya swala. Akampa Mama shikamoo, Mama akaitika na kumshika mkono muda mrefu.

Kwanza tuliyamaliza yetu. Faili moja, mtu mmoja kwa wakati mmoja. Anayeifungua amwarifu mwenzake. Kabla ya kupakia chochote, iliyopo inanakiliwa na kuwekwa kando, na tarehe yake juu. Majina yaandikwe daftarini kwanza. Mambo ya dakika tano. Tungeyasema tangu mwanzo.

Halafu Bakari akafanya ambalo mimi sikulifanya. Hakuuliza jina. Alisogeza picha ya yule mwanamke, akauliza, "Mama, hii saa si ya Baba?"

Mama akacheka. Ndiyo, ya Baba. Alimwazima kila mteja asiyekuwa na saa. Huyu alisahau kuivua, akaenda nayo, Baba akamfuata mbio mpaka sokoni, akimwita jina lake njia nzima.

"Akimwitaje?" Bakari akauliza taratibu.

"Mwanamisi," Mama akasema, kama kwamba tulikuwa tunajua.

Kufika magharibi tulikuwa na majina tisa, na habari ambazo sikuwahi kuzisikia. Baba akikimbia. Simkumbuki Baba akikimbia.

Jumanne, 22 Julai
Kurasa zimerudi kwenye tovuti. Picha nyingine Mama hazijui kabisa, na sitamsumbua. Chini yake nimeandika: Jina halikumbukwi. Alipigwa picha Msambweni.

Bakari amepiga simu alasiri. Hakutaja faili. Ameuliza kama Mama amekula. Amekula. Kipande kimoja cha mkate wa sinia, na chai ya tangawizi. Sasa amelala kitini, nami nimefunga dirisha upande wake.