Msumari Usioshika Pini

Jumatatu, 6 Februari 1995

Sijatulia. Bwana Kilonzo, mwenyekiti wa kamati ya shule, alipita darasani leo akasema kwamba Ijumaa fizikia itaondolewa kwa wasichana wa Kidato cha Tatu. Ati hakuna maabara. Msichana atapata alama gani kwa umeme wa kuchora ubaoni? Afadhali mapishi na ushoni. Nikamjibu kwamba umeme wenyewe utakuja darasani. Akacheka. "Haya, Mwalimu Nanyama. Ijumaa nionyeshe. Nikiona kwa macho yangu, wataendelea."

Akoth, mwanafunzi wangu, hakula mchana. Huyu tangu Kidato cha Kwanza husema atasomea "stima" – na kila mara namwambia ni umeme, naye kila mara husema stima.

Nikaenda Riruta kwa Ndungu, fundi wa kusuka mota. Akanipa kipande kirefu cha waya mpya wa shaba, bure. "Ai, Mwalimu! Umechoka na chaki, sasa unataka kuninyang'anya kazi?" Akasema nikwangue ncha tu. Nimempa Akoth aende nao mtaani kwao, Soweto West, akaunyooshe.

Jumanne, 7 Februari

Waya umerudi unang'aa! Akoth ameusugua kwa mchanga na jivu, mwanzo hadi mwisho, kama sufuria za nyumba inayongoja wageni. "Si mgeni anakuja, Mwalimu?" Nikamsifu mbele ya wenzake.

Nikafundisha. Mkondo wa umeme ukipita katika waya, nguvu ya sumaku hutokea pande zote za waya huo. Uzungushe waya kwenye msumari: kila mzunguko huongeza nguvu. Ukate mkondo: msumari unarudi kuwa msumari. Waliandika vizuri.

Kisha tukauzungusha waya kwenye msumari, tukauunganisha na mawe mawili ya tochi, yaani betri. Pini hazikutikisika. Hata moja! Waya ukapata moto, Akoth akautupa. Nyuma, Syombua akasema, "Mwalimu, hiyo sasa ni pasi." Darasa zima likacheka.

Mimi sikucheka.

Jumatano, 8 Februari

Mawe mapya. Msumari mwingine. Moto uleule, pini zilezile mezani. Nimekasirishwa na kila kitu. Chai imepoa mara mbili mbele yangu. Akoth ameuliza kama ushoni ni mgumu.

Alhamisi, 9 Februari

Nimetembea kutoka Kawangware asubuhi bila hata kuwasalimu watu njiani. Nikamkuta Akoth langoni. Nikamwuliza tena aliufanyia nini waya ule.

"Niliosha tu, Mwalimu. Ulikuwa mchafu sana. Maji yalikuwa rangi ya chai."

Nikasimama palepale. Haukuwa uchafu. Ilikuwa vanishi! Ndiyo huzuia mzunguko mmoja usigusane na mwingine. Ikitoka, umeme haufuati njia ndefu ya kuuzunguka msumari. Hukatiza kutoka waya hadi waya. Ndiyo sababu ya moto. Nami nikamsifu!

Mbio hadi Riruta. Duka la Ndungu limefungwa. Jirani amesema yuko mazishini, atarudi wiki ijayo.

Nimerudi ofisini. Nimefungua droo. Chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, niliyompokonya Syombua muhula uliopita kwa maneno makali. Nikaiweka juu ya meza darasani. Hii nayo ikikauka, huzuia umeme. Kisha Syombua: "Kumbe Mwalimu alikuwa ameniwekea!"

Wamepaka waya mchana kutwa, kiasi walichoweza kabla ya jioni, na kuuanika dirishani.   Hatukuujaribu – rangi ilikuwa bado mbichi.

Ijumaa, 10 Februari

Naandika nje, nimeegemea ukuta wa mabati. Bwana Kilonzo ameona waya mwekundu akauliza kama hili ni somo ama ni saluni. Kisha: "Mwalimu, toka nje kidogo. Ukikaa hapa utawasaidia kwa macho." Nimetoka. Chupa, yenye rangi kidogo iliyobaki, iko mfukoni mwangu.

Nimetega sikio kwenye bati.

Nasikia pini zikianguka kwenye sahani. Wamemwaga kopo la pini?

Zimeanguka tena. Hapana – kopo halimwagiki mara mbili. Ili zianguke, lazima ziwe zilishikwa kwanza!

Sauti ya Bwana Kilonzo: "Ngoja, ngoja. Nipe hiyo nijaribu mwenyewe." Zimeanguka. Hasemi lolote kuhusu fizikia. Nimesimama, nimeketi, nimesimama.

Sasa anasema sumaku ya pini chache si kitu. Anataka ishike kufuli lake. Akoth amemwambia inahitaji mizunguko zaidi. "Basi ongeza. Si waya umebaki?"

Umebaki ule usiopakwa! Akiuzungusha hivyo, umeme utakatiza tena, na kufuli halitashikwa. Siruhusiwi kuingia. Nikohoe? Nigonge bati?

Nimeinua mkono nigonge.

Mlango umefunguliwa kidogo. Mkono wa Akoth umetoka, kiganja juu, vidole vinaniita upesi: anataka chupa.